Hazina Isiyo na Uzito

Mali bila daftari, walinena wahenga, hupotea bila habari. Methali hii niliijua tangu utotoni, na darasani niliwahi kuandikiwa alama nzuri kwa kuieleza. Hata hivyo mimi niliyeijua ndiye niliyepoteza. Habari ya upotevu huo nitaisema mbele kidogo, maana nisipoisema msomaji hataelewa kwa nini mtu mzima wa Chiola, mwenye wajukuu, ameketi kuandika uhakiki wa mchezo wa vijana.

Mpwa wangu, mtoto wa dada yangu, alikuja likizo mwezi wa Desemba, wakati korosho za mwisho zinaokotwa na mawingu ya mvua yameanza kukusanyika. Katika begi lake alikuwa na kitabu kikubwa cha Kiingereza chenye picha za majoka, pamoja na mfuko mdogo wa dadu. Dadu hizo hazikuwa za pande sita tulizozizoea. Moja ilikuwa na pande nne, nyingine nane, na moja ilikuwa na pande ishirini, imeviringana kama tunda. Akasema, "Mjomba, usiku wa leo tuache redio, tucheze hadithi."

Mchezo wenyewe hauna ubao kama bao wala hauna karata. Mtu mmoja huwa msimulizi, na wengine kila mmoja huwa mhusika mmoja katika hadithi: askari, mwizi, mganga, mcha Mungu. Msimulizi husema, "Mmefika kwenye mdomo wa pango, ndani mnasikia maji yakidondoka. Mnafanya nini?" Kila mmoja hujibu lake. Penye shaka, kama mtu anataka kuruka shimo au kumpiga joka, dadu hurushwa, nayo huamua. Kwa sisi tuliokulia kwenye "Paukwa!" na "Pakawa!", jambo hili halikuwa geni sana. Tofauti ni kwamba katika ngano zetu msikilizaji huitikia tu, ilhali hapa msikilizaji huingia ndani ya hadithi na anaweza hata kuiharibu.

Tulicheza barazani kwa taa ya sola, watu watano: mpwa wangu akiwa msimulizi, watoto wangu wawili, mwalimu jirani yetu, na mimi. Mchezo huu uitwao Dungeons & Dragons ulitolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson, na michezo mingine mingi ya aina yake imezaliwa kutokana nao. Nilipomwuliza mpwa wangu mchezaji hushindaje, alijibu kwamba hakuna kushinda. Kuna kukua tu. Mhusika huanza dhaifu, kisha hukusanya alama za uzoefu, na alama zikifikia idadi fulani hupanda daraja. "Na alama hizo hupatikanaje?" nikauliza. Hapo ndipo aliponieleza jambo lililonifanya niketi wima.

Katika matoleo ya kwanza ya mchezo huo, alisema, sehemu kubwa ya uzoefu ilitokana na hazina. Sarafu moja ya dhahabu iliyotolewa pangoni na kufikishwa salama ilikuwa sawa na alama moja. Kuua zimwi kulileta alama pia, lakini kwa kawaida chache mno ukilinganisha na mali aliyoilalia. Miaka ilivyokwenda kanuni hiyo ililegezwa. Katika toleo la mwaka 1989 iliachwa kuwa hiari, na katika toleo la mwaka 2000 uzoefu ukaja kutokana na kuyashinda mazimwi na vikwazo.

Mara ya kwanza nilichukia. Nilijiambia: huu ni mchezo wa mabepari, unaomfundisha mtoto kwamba utu hukua kwa kadiri ya fedha. Lakini nilipofikiri zaidi niliona nimehukumu upesi. Maadam zimwi lina alama chache na dhahabu yake ina nyingi, mchezaji mwenye akili hapigani ovyo. Hunyemelea, huuliza, hufanya mapatano, hukimbia inapobidi. Tena dhahabu ile ilikuwa na uzito. Kitabu cha zamani kilihesabu sarafu kumi kuwa ratili moja. Aliyekuta sarafu elfu tano pangoni alikuwa amekuta ratili mia tano, na swali la kwanza halikuwa "nitanunua nini?" bali "nani atabeba?" Ilibidi watafute punda, wachukuzi, kamba na njia ya kurudia. Hazina haikuwa mwisho wa safari. Ilikuwa mzigo ambao safari ya kurudi ilipaswa kuubeba.

Mpwa wangu, kwa ukarimu wa ujana, hakufuata kanuni hiyo ya uzito. Usiku wa kwanza kila mmoja wetu alipata kitu cha ajabu. Mimi nilipewa upanga wenye nyongeza ya moja, yaani kila nikirusha dadu naongeza moja. Binti yangu alipewa pete ya kutoonekana, na mwalimu alipewa mfuko ambao ndani ni mkubwa kuliko nje, usiojaa wala kulemea. Usiku wa pili tukapewa vingine. Kufikia usiku wa tatu tulikuwa matajiri kama wafalme wa Alfu Lela Ulela, nasi tulipita katika mapango kama mtu anayepita sokoni. Mke wangu, ambaye alikuwa akipepeta mchele upande wa pili, alisema bila kuinua uso, "Mbona siku hizi hamwogopi kitu?" Alikuwa ametoa uhakiki wote kwa sentensi moja. Tulikuwa hatuogopi, kwa hiyo hatukufikiri, na kwa hiyo hadithi ilikuwa imekufa.

Nadhani kosa la upanga wa nyongeza ya moja si uchawi wake, bali ni kwamba haumdai mwenye nao kitu chochote. Ni namba tu iliyovaa ala. Tazama jinsi vitu vinavyofanya kazi katika kisa cha Fumo Liyongo, kilichotungwa kuwa utenzi na Muhammad Kijumwa wa Lamu mwanzoni mwa karne ya 20. Liyongo ni shujaa asiyeuawa kwa silaha yoyote isipokuwa sindano ya shaba ikimchoma kitovuni. Hiyo ndiyo ajabu yake, nayo haimwongezei kitu kwenye dadu. Inamwekea siri ya kuilinda na mtu wa kumwamini. Adui zake hawakumshinda kwa jeshi. Walimshika mwanawe, wakamwahidi mke na cheo, naye akamwuliza baba yake siri hiyo kwa maneno matamu. Baba alijua anaulizwa nini, na bado akajibu.

Katika kisa hichohicho kuna kitu kingine ambacho hakina uchawi hata kidogo, nacho ni tupa. Liyongo akiwa kifungoni, mama yake alimpikia mkate wa wishwa akaficha tupa ndani. Askari waliozoea kunyang'anya vyakula vizuri waliudharau mkate huo, wakauacha umfikie. Kisha ikaandaliwa ngoma ya gungu, watu wakaimba na kupiga, na katika kelele hizo Liyongo akakata minyororo. Sijui kitabu cha mchezo kingeipa tupa ile nyongeza gani. Lakini hesabu waliohitajika ili ifanye kazi: mama aliyepika, kijakazi aliyepeleka, waimbaji waliopaza sauti, na mfungwa aliyevumilia kukereza chuma. Tupa ina uzito, kwa sababu imebebwa na watu wengi, na ndiyo iliyomwokoa. Ile ajabu ya mwilini, iliyokuwa siri ya mtu mmoja, ndiyo iliyomwua.

Hapa ningeweza kuishia na kusema: kitu cha ajabu kiwe na sharti, basi hadithi itakuwa njema. Waganga wetu hujua hilo. Hakuna dawa isiyo na mwiko. Na mchezo wenyewe umelitambua kwa njia yake, kwani katika toleo la mwaka 2014 mhusika hawezi kufungamana na zaidi ya vitu vitatu vikubwa vya ajabu kwa wakati mmoja, hivyo hulazimika kuchagua. Lakini sisi wa kusini hatuwezi kuishia hapo, maana tunakumbuka maji.

Mwaka 1905, kutoka Ngarambe, Kinjeketile Ngwale alitoa maji yaliyochanganywa na mtama na mafuta ya nyonyo, ikaaminika kwamba anayeyatumia, risasi za Wajerumani zitamgeukia kuwa maji. Dawa hiyo ilivuka mito na makabila, ikafika Liwale na kwetu Umwerani. Ilikuwa na mwiko: mpiganaji asilale na mwanamke, asipore mali. Na watu walipoanza kuanguka mbele ya bunduki, jibu lilikuwa tayari: aliyekufa alivunja mwiko. Waliokufa kwa vita na kwa njaa iliyofuata, Wajerumani wenyewe waliwakadiria kuwa 75,000. Wapo wanahistoria wanaofikisha hadi 300,000.

Ebrahim Hussein alilitazama jambo hili katika tamthilia yake Kinjeketile ya mwaka 1969, na kwangu mimi hakuna maandishi ya Kiswahili yaliyokihakiki kitu cha ajabu kwa kina kuliko hayo. Kinjeketile wake si tapeli. Anayaamini maji, kisha anaanza kuyatilia shaka, na wakati huo huo anaona kwamba maji yamefanya jambo ambalo hakuna panga lililowahi kulifanya: yamewaunganisha watu waliokuwa wakichukiana. Neno alilolizaa limekuwa kubwa kuliko yeye. Mwishoni anatakiwa aseme kwamba maji yalikuwa uongo, naye anakataa, kwa kuwa anafikiri juu ya watakaokuja baadaye. Kila nisomapo ukurasa huo sijui nimlaumu au nimsujudie.

Basi sharti peke yake halitoshi. Kuna sharti la aina mbili. Lipo linalotangulia, ambalo kila mtu analiona na anaweza kulipima kabla ya kubeba kitu: sarafu kumi ratili moja, vitu vitatu na si vinne. Na lipo linalofuatia, linalotolewa mfukoni baada ya hasara ili lawama imwangukie aliyeamini. La kwanza humfanya mtu afikiri, na la pili humzuia asifikiri.

Sasa niseme habari yangu. Mwaka 2011 walikuja watu wawili nyumbani kwangu, wakati wa magharibi, wameheshimika kwa mavazi na kwa maneno. Walisema Wajerumani walipokuwa wakikimbia katika Vita ya Kwanza walizika sanduku la rupia za dhahabu katika kilima kisicho mbali na hapa, nao wanayo ramani. Kilichopungua kilikuwa fedha za dawa ya kuwaondoa walinzi wa sanduku, wasioonekana. Nilikuwa na mikorosho thelathini iliyozaa vizuri, katika shamba aliloliacha mama yetu. Kwa desturi yetu Wamwera mjomba ndiye mwangalizi wa watoto wa dada yake, na mikorosho ile ilikuwa imetajwa kuwa ni ya kuwasomesha. Niliiuza. Sharti walilonipa lilikuwa moja: nisimwambie mke wangu.

Tulichimba usiku tatu. Tulipata mawe na kipande cha bati. Asubuhi ya nne mmoja wao alinitazama kwa huzuni, akaniuliza, "Mzee, umemwambia mama?" Na kweli nilikuwa nimemwambia. Kwa miaka mingi niliamini kwamba sanduku lilihama kwa sababu ya mdomo wangu. Nakiri jambo hili kwa aibu, lakini nalikiri kwa sababu najua si mimi peke yangu.

Laiti ningeisoma hadithi ile kama ninavyosoma vitabu. Rupia za dhahabu zilikuwapo kweli: mwaka 1916 karakana ya reli ya Tabora iligonga sarafu za dhahabu za rupia kumi na tano, zenye picha ya tembo, zipatazo 16,000, kila moja ikiwa na gramu 7 na kidogo. Uongo mzuri daima hujengwa juu ya jiwe la kweli. Ni kweli pia kwamba jeshi la von Lettow-Vorbeck lilipita kusini huku. Oktoba 1917 lilipigana Mahiwa, karibu na Nyangao, na tarehe 25 Novemba 1917 likavuka Ruvuma kuingia Msumbiji. Lakini lilivuka likiwa limewaacha nyuma wagonjwa na majeruhi, halina dawa za kutosha wala risasi za kutosha, na lililokuwa likitafuta upande wa pili ni chakula na silaha za Wareno. Jeshi la namna hiyo lingebeba masanduku ya dhahabu kwa mabega ya nani? Wachukuzi walikuwa wakifa njiani. Swali la uzito, ambalo mtoto wa miaka kumi na miwili huliuliza akicheza mchezo wa zamani wa Wamarekani, mimi sikuliuliza.

Najifariji kidogo kwamba hata wenye serikali waliwahi kudanganyika kwa hadithi ya aina hii, tena hapa hapa Nachingwea. Mwaka 1947 Waingereza walikuja na matrekta kulima karanga katika eneo kubwa kuliko walivyolielewa. Bandari ikajengwa Mtwara na reli ikaletwa hadi Nachingwea. Hawakuipima mvua, wala hawakuujua udongo na visiki vya miti yetu. Mwaka 1951 mradi uliachwa, na hasara ilikuwa takriban pauni milioni 36. Reli nayo ikang'olewa katika miaka ya 1960. Nao walikuwa na ramani.

Nirudi barazani. Usiku wa nne mpwa wangu, ambaye alikuwa amelisikia neno la mke wangu, alitunyang'anya kila kitu. Mto ulifurika katika hadithi, mifuko na pete zikaenda. Tukabaki na kamba, taa na kisu kimoja. Nilimwomba pia aondoe kitabu alichokuwa akikisimamisha mbele yake ili kuficha dadu zake, azirushe mezani mbele ya macho yetu sote. Akakubali. Usiku huo tulicheza hadi saa sita. Mwanangu alikaribia kulia alipotuokoa kwa ile kamba, na hata sasa huitaja kana kwamba ilikuwa kamba ya kweli. Hivyo hukumu yangu juu ya mchezo huu ni njema, kwa sharti moja: msimulizi awe bahili wa maajabu, na kila ajabu aitoayo aioneshe uzito wake mapema. Asipofanya hivyo, atawazoesha vijana kungoja sanduku.

Karibu na mwisho tulifika penye sanduku kweli. Msimulizi akasema, "Limejaa dhahabu. Mjomba, unalichukua?" Nikamwuliza lina uzito gani, na nani atabeba, na njia ya kurudi ni ipi. Watoto walicheka. Mpwa wangu hakucheka.

Wengine walipokwenda kulala nilibaki naye, nikamweleza habari ya ile mikorosho thelathini. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniambia mama yake alimweleza siku nyingi, akamkataza kuniuliza. Alisoma kwa mkopo na kwa vibarua, na hakuwa na neno lingine la kunipa usiku ule, wala mimi sikumdai. Tulizikusanya dadu gizani, moja ikawa imepotea, tukaitafuta kwa tochi mpaka tukaipata chini ya kinu.

Mvua zilipokolea nilipanda miche kumi na miwili ya mikorosho pembezoni mwa lile shamba, kipande kilichobaki. Mkorosho hukaa miaka kama mitatu kabla ya kuzaa, na zaidi ya hapo kabla ya kuzaa vizuri. Huenda nisile mazao yake mengi. Nimeandika idadi yake katika daftari, na mwenye mali nimemwandika dada yangu, mbele ya mke wangu na mwalimu. Miche miwili imekufa, nayo nimeiandika.